Miche ya tishu bila vipimo vya kemia haitaokoa miti ya dawa

Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitafuta dawa katika msitu wa Shimba Hills, huko Kwale, nyuma kidogo ya pwani ya Kenya. Ulitakiwa mmea ambao wataalamu wanauita Maytenus buchananii, kwa sababu ndani yake mna maitansini, kemikali iliyoonyesha makali dhidi ya seli za saratani. Zaidi ya tani 27 za mimea hiyo zilivunwa. Miaka minne baadaye wavunaji walirudi kutafuta mzigo mwingine, wakakuta iliyochipua upya ni michache mno na kuupata mzigo huo kukawa kazi ngumu. Anthony Cunningham, mtaalamu wa uhusiano wa mimea na jamii, alikiandika kisa hicho mwaka 1993 katika ripoti yake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika. Ni kisa ambacho kila afisa misitu na kila mtafiti wa tiba asili katika Afrika Mashariki anapaswa kukijua.

Yaliyofuata yana uzito zaidi. Maitansini ilipofika kwa wagonjwa iliwadhuru kupita kiasi, na majaribio yakasimamishwa. Hata hivyo wanakemia hawakuitupa. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamepata bakteria anayetengeneza kemikali za ukoo uleule. Leo dawa ya saratani ya matiti iitwayo trastuzumab emtansine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hubeba kemikali ya ukoo wa maitansini hadi ndani ya seli yenye saratani. Malighafi yake hutoka kwenye matangi ya kukuzia bakteria. Hakuna mmea wa Kwale unaong'olewa kwa ajili yake.

Msitu uliumia kwa sababu mambo mawili yalikosekana wakati mmoja. Hapakuwa na njia ya kuzalisha mmea huo kwa wingi nje ya msitu, na maarifa ya kemikali yake yalikuwa bado machanga. Nusu karne baadaye Afrika Mashariki ina njia zote mbili. Ina maabara za kukuza miche kwa tishu, na ina maabara za kuchambua kemikali za mimea. Kinachokosekana ni kuziunganisha. Mradi wa kuzalisha miti ya dawa ambao haupimi kilichomo ndani ya miche yake unaweza kumpa mkulima shamba zuri lisilo na dawa. Utafiti wa kemia usio na kitalu, kwa upande wake, humaliza kile unachokichunguza.

Haja ya kufanya hivyo inaonekana barabarani kila siku. Katika miji ya Tanzania, Wamasai wauza dawa hupanga magome na mizizi kwenye mikeka na meza ndogo. Kariakoo, Dar es Salaam, na Kongowea, Mombasa, kuna wauzaji wenye magunia ya dawa hizo. Mvunaji akichuma jani, mti unabaki. Akichimba mzizi au kubandua gome kuzunguka shina lote, mti hufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kuelekea mizizini kupitia tabaka lililo ndani ya gome hilo. Dawa nyingi zinazopendwa zaidi katika ukanda huu ni za gome na za mzizi.

Tena mahitaji hayapandi taratibu ili kitalu kipate muda wa kujiandaa. Mwaka 2011 makumi ya maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wakanywa kikombe cha shilingi 500 kilichochemshwa kwa mizizi ya mugariga, mmea wa jenasi ya Carissa. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Tanzania ilituma ndege Madagascar kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa pakanga ya Kichina, Artemisia annua. Mara zote mbili watu walikuwa wamekwisha kukitumia kile kilichomo kikombeni wakati wataalamu wangali wanauliza ni nini na ni kiasi gani.

Mfano mchungu zaidi ni wa mti ambao Wakikuyu wanauita muiri na wataalamu wanauita Prunus africana. Huota katika misitu ya milimani, kuanzia Cameroon hadi Kenya, Tanzania na Madagascar. Tangu miaka ya 1960 gome lake limekuwa likisafirishwa kwenda Ulaya, hasa Ufaransa na Italia, kutengenezea dawa za kuvimba kwa tezi dume, tatizo linalowasumbua wanaume wengi wanapofikia uzee. Gome lina fitosteroli, asidi ya ursoliki na esta za asidi ya feruliki, na wanasayansi wanaamini kwamba kemikali hizo hufanya kazi kwa kushirikiana.

Utaratibu uliowekwa nchini Cameroon ulikuwa wa busara: mvunaji abandue robo mbili za gome zinazotazamana, kisha aupumzishe mti kwa miaka kadhaa. Biashara iliposhamiri, miti ilibanduliwa shina zima au kukatwa kabisa. Mwaka 1995 mti huo uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, inayotaka biashara yake ya kimataifa idhibitiwe kwa vibali. Kiwanda cha Plantecam kilichokuwa kikisindika gome chini ya Mlima Cameroon kilifungwa mwaka 2000. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi wa gome kutoka nchini humo. Kibali kilikuja, na katazo likaja, lakini miche ya kutosha haikuja.

Kupanda muiri kwa mbegu kunawezekana, na kuna wakulima wanaofanya hivyo. Shida ni kwamba mti huchelewa kuzaa, mwaka mmoja huzaa sana na mwingine kidogo, na mbegu zake hupoteza uhai upesi zikihifadhiwa. Isitoshe, mche wa mbegu ni mtoto wa wazazi wawili: hakuna anayejua kama atarithi gome lenye dawa nyingi au lenye dawa hafifu hadi miaka mingi ipite. Hapo ndipo ukuzaji wa tishu unapokuwa na thamani.

Wazo lenyewe lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alieleza kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kujenga mmea mzima. Yeye mwenyewe hakufanikiwa kulithibitisha. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha nchini Marekani kwamba uwiano wa homoni mbili, oksini na sitokinini, ndio unaoamua kama kipande cha mmea kitoe mizizi au machipukizi. Mwaka uliofuata, F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell alipata mimea kamili kutoka kwenye seli za karoti. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog walichapisha fomula ya chakula cha kukuzia tishu ambayo hadi leo inatumika katika maabara za dunia nzima.

Kazi huanza na kipande kidogo: ncha ya chipukizi, au sehemu ya tawi yenye jicho. Kipande huoshwa kwa sabuni, kikapitishwa kwenye spiriti, kisha kwenye maji yenye klorini ya aina ileile inayotumika kung'arishia nguo nyeupe. Ndani ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, mtaalamu hukikata kwa kisu kilichochomwa moto na kukiweka katika chupa yenye maji, sukari, madini, vitamini, homoni na agari ya kuvigandisha. Chakula hicho kimekwisha kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili ukungu na bakteria wote wafe. Baada ya wiki chache machipukizi hujazana. Hukatwa, hugawanywa, huwekwa kwenye chupa mpya, na mzunguko huendelea hadi mti mmoja utoe maelfu ya miche inayofanana nao. Mwishoni homoni hubadilishwa ili miche itoe mizizi, kisha hutolewa chupani na kuzoeshwa taratibu chini ya nailoni yenye unyevu, maana majani yaliyolelewa chupani hayajajifunza kuzuia maji yake yasipotee.

Hayo si mageni Afrika Mashariki. Wakulima wa Murang'a, Kisii na Kagera wanaijua migomba ya tishu. Tangu miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja na watafiti wa kilimo wa Kenya wamesambaza migomba hiyo kwa sababu huanza shambani ikiwa haina fukusi wala ukungu wa mnyauko. Uganda ina maabara zinazozalisha migomba na kahawa. Tanzania ina kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni na maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Watu wenye mikono iliyofundishwa kazi hii wapo. Wengi wao wanaagizwa kuzalisha ndizi, viazi na mkonge, na wachache mno wanaagizwa kuzalisha muiri.

Miti ya msituni ni migumu kuliko mgomba, na hilo lisemwe wazi. Kipande cha mti kikikatwa hutoa utomvu wenye fenoli unaokifanya kiwe cheusi na kufa. Mafundi hupambana nao kwa vitamini C au unga wa mkaa maalumu. Ukungu uliojificha ndani ya tawi la porini huibuka chupani wiki mbili baada ya kila mtu kudhani usafi umetosha. Mti mzima uliokomaa hukataa kuzaliana chupani kirahisi, ilhali mti huohuo ndio unaotakiwa, kwa kuwa gome lake tayari limepimika. Dawa ya ukaidi huo ni kukata tawi au kisiki ili kitoe machipukizi machanga, au kupandikiza kikonyo chake kwenye mche mdogo, kisha kuanzia hapo. Kazi hiyo huchukua miaka, na inahitaji bajeti isiyokatika kila Juni.

Mradi unaweza kuyashinda yote hayo na bado ukashindwa, endapo hautapima kemia.

Historia ya dawa za mimea imejaa mifano. Mmea wenye maua ya waridi na meupe unaopandwa nyuani kote mwambao, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagascar. Majani yake hutoa vinblastini na vinkristini, dawa zilizobadilisha matibabu ya saratani ya damu kwa watoto tangu miaka ya 1960. Kwa kuwa majani mengi hutoa dawa kidogo mno, watafiti walijaribu kuzikuza seli zake kwenye matangi. Seli zilistawi, lakini vinblastini haikupatikana. Nusu ya molekuli hiyo, iitwayo vindolini, hutengenezwa na seli maalumu za jani, na rundo la seli lisilo na jani halina seli hizo. Pakanga ya Kichina nayo huweka artemisinini yake katika vinyweleo vidogo vya majani. Donge la seli lisilo na vinyweleo hutoa artemisinini kidogo sana au halitoi kabisa.

Ipo mifano ya mafanikio, na yote imepitia kwenye vipimo. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui ya Japani ilianza kuuza shikonini, rangi nyekundu ya dawa inayotokana na mizizi ya mmea wa Asia, ikiwa imezalishwa na seli kwenye matangi. Walichagua kwa kupima, kizazi baada ya kizazi, seli zilizotoa rangi nyingi zaidi. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, ilitoka kwanza katika gome la Taxus brevifolia, mti wa misitu ya magharibi ya Marekani unaokua polepole na kufa ukibanduliwa. Wanakemia waligundua kwamba majani ya mti wa ukoo huo wa Ulaya yana kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa paklitakseli. Jani huchumwa na kuota tena. Baadaye kampuni ya Phyton ilifanikiwa kuizalisha dawa hiyo kwa seli za mti zilizokuzwa kwenye matangi nchini Ujerumani. Kila hatua iliamuliwa na mtu aliyesimama mbele ya mashine akipima miligramu.

Artemisinini inahusu ukanda huu moja kwa moja. Tu Youyou wa China, aliyeitenga mwaka 1972 kwa kutumia etha isiyohitaji joto kali, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto za artemisinini dhidi ya malaria mwanzoni mwa miaka ya 2000, mahitaji yalipanda ghafla na wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakaipanda pakanga hiyo. Viwanda vya kuisindika vilijengwa Athi River na Kabale. Kilichowapa wakulima nafuu ni mbegu chotara kama ile iitwayo Artemis, iliyotoka Uswisi kwa kuzalisha wazazi wawili waliochaguliwa kwa kiasi cha artemisinini yao na kutunzwa kwa vipandikizi visivyobadilika. Mmea wa kawaida unaweza kuwa na artemisinini isiyofika hata asilimia 0.1 ya jani kavu, na ulioteuliwa ukapita asilimia 1. Mashamba mawili yanayofanana machoni yanaweza kutofautiana zaidi ya mara kumi katika thamani.

Tofauti hiyohiyo ndiyo iliyolifanya Shirika la Afya Duniani, katika tamko la mwaka 2019, lipinge kutibu malaria kwa chai ya pakanga. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na dawa ya kutosha, kingine kikawa na nusu ya dozi, na vimelea vinavyonusurika nusu ya dozi ndivyo vinavyojenga usugu. Wapo wanaoliona tamko hilo kama dharau kwa tiba ya Mwafrika. Jibu lenye nguvu kwa dharau ya namna hiyo ni karatasi ya vipimo inayoonyesha kilichomo ndani ya kila mfuko.

Vipimo vya mwanzo si vya gharama ya kutisha. Kibati kidogo kilichopakwa unga wa silika, tone la dawa iliyokamuliwa na kimiminika cha kuipandisha vinatosha kuzitenga kemikali katika madoa yanayoonekana chini ya taa ya urujuanimno. Kwa kibati hicho mtaalamu hutofautisha gome halisi na gome la mti mwingine lililosagwa. Hatua ya pili ni kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa, inayosema kuna miligramu ngapi za kemikali fulani katika kila gramu. Spektromita ya tungamo hutambua molekuli kwa uzito wake, na mashine za sumaku hufichua umbo lake. Mashine hizi za mwisho ni ghali, lakini zinaweza kutumiwa na taasisi nyingi kwa zamu.

Elimu hiyo nayo ina mizizi hapa. Chuo cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, kilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, ambacho sasa ni taasisi kamili. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ina kituo cha tiba asili na utafiti wa dawa jijini Nairobi. Mwaka 1994 Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mimea ya dawa ya Tanzania dhidi ya vimelea vya malaria. Miongoni mwa iliyofanya vizuri zaidi maabarani ulikuwamo Maytenus senegalensis, ndugu wa karibu wa ule mmea wa Shimba Hills.

Faida kubwa ya kemia kwa msitu ni kwamba inaweza kumwondoa mvunaji kwenye gome. Muthiga wa Wakikuyu, ambao Wamasai wanauita osokonoi, una gome lenye ukali kama wa pilipili linalotumika kutibu kifua, meno na tumbo. Mwaka 1976 watafiti walioshirikiana na kituo cha icipe cha Nairobi walieleza kwamba kemikali zake, ikiwamo warbuganali, huwazuia viwavijeshi kula mimea. Nchini Afrika Kusini, ambako ndugu yake Warburgia salutaris umevunwa hadi kuadimika, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Natal chini ya Johannes van Staden walilinganisha majani na gome, wakaonyesha kwamba majani yanaweza kuchukua nafasi ya gome katika baadhi ya matumizi. Mganga anayepewa ushahidi huo ana sababu ya kuchuma. Anayeambiwa tu aache kubandua atabandua usiku.

Waganga wengi wana hoja yao, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema mti wa porini una nguvu kuliko wa shambani. Kisayansi hoja hiyo haina upuuzi wowote. Mimea mingi hutengeneza kemikali za kujilinda inaposhambuliwa na wadudu, inapokaukiwa na maji au inapozeeka, na mche unaopewa mbolea na maji ya kutosha unaweza kulegea. Namna ya kumaliza ubishi ni kuyapima yote mawili, gome la porini na gome la shambani, mbele ya mganga mwenyewe na kwa umri unaolingana. Ikithibitika kwamba la shambani ni hafifu, ni kazi ya mtafiti kubadilisha udongo, kivuli au umri wa kuvuna, na kupima tena.

Hofu ya pili ni ya kufanana. Shamba lenye miche elfu kumi ya mzazi mmoja linaweza kufagiliwa na ugonjwa mmoja. Pia tishu zilizokaa chupani muda mrefu hubadilika, kama watafiti Larkin na Scowcroft walivyoonyesha mwaka 1981, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa kemia bila kuonekana kwenye jani. Kwa hiyo wazazi wawe wengi kutoka misitu tofauti, mizunguko ya chupani iwe na kikomo, na msitu wenyewe uendelee kulindwa, kwa kuwa ndiko wazazi wapya watakakotoka.

Gharama nayo huzungumzwa sana, wakati mwingine kama kisingizio. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilichapisha mwongozo wa njia za bei nafuu za ukuzaji wa tishu kwa nchi zinazoendelea: sukari ya dukani badala ya ile ya maabara, mwanga wa jua badala ya taa, chupa za kawaida zinazorudiwa. Maabara za migomba zimekuwa zikifanya hivyo. Tena si kila mmea unahitaji chupa. Mlonge na mwarobaini huota kwa mbegu bila shida. Kando ya msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru hupanda mrehani wenye kafuri, hukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kujipaka iitwayo Naturub, kwa msaada wa icipe. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator. Chupa ibaki kwa ile inayokufa ikivunwa na isiyozaliana kirahisi.

Kwa msingi huo, hatua za kuanzia zinaweza kutajwa bila maneno mengi. Kila nchi itoe orodha fupi ya mimea ya gome na mizizi iliyo hatarini: muiri, muthiga, mkombelo wa magharibi mwa Kenya ambao huliwa mzizi, mjafari wa mwambao, na jamii ya Maytenus. Waganga waonyeshe miti wanayoiamini. Wanakemia waipime miti hiyo kabla kipande chochote hakijaingia chupani, na iliyo bora ndiyo izalishwe. Miche ipimwe tena ikiwa kitaluni na ikiwa shambani. Mkulima anayenunua mche apewe karatasi inayosema mzazi wake ni nani na ana kemikali gani, kama anavyopewa karatasi ya mbegu bora ya mahindi.

Sheria zipo za kutegemea. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa zao. Baraza hilo linaweza kuweka sharti kwamba dawa ya gome au mzizi wa mti ulio hatarini ikisajiliwa ili iuzwe kwa wingi, mwenye kiwanda aonyeshe shamba lake. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka jamii zenye maarifa zinufaike na kinachopatikana kutokana nayo. Wasan wa kusini mwa Afrika waliingia makubaliano ya mgawo mwaka 2003 kuhusu mmea wa hoodia, baada ya kemikali yake kuwa tayari imewekewa hataza na wengine. Hapa makubaliano yaandikwe kabla ya mganga kuutaja mti wake, na jina lake liwekwe kwenye karatasi ya mche.

Muiri huchukua miaka ipatayo 15 kufikia kuvunwa gome. Miche itakayopandwa katika masika yajayo itaanza kulipa baada ya muda huo, na hakuna mkulima mdogo wala mfanyabiashara atakayeisubiri peke yake. Wa kubeba miaka hiyo ya kungoja ni serikali, kwa sababu ndizo zenye misitu, ndizo zenye vyuo, na ndizo zinazosimama jukwaani kila tarehe 31 Agosti kuadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Wizara za afya, kilimo na misitu zinapaswa kukubaliana ni fungu la nani litakalolipia upimaji wa miti mama na uzalishaji wa kundi la kwanza la miche, na fungu hilo lionekane kwa jina lake bajeti zitakaposomwa Juni.